Ukimwambia mgonjwa "nakuja", rudi kweli

Wadogo zangu manesi mnaoanza wodini mwezi huu karibuni sana. Najua mmetoka chuo vichwa vimejaa, dozi mnazo, kanula mnaweka, na mkiniuliza baadhi ya vitu vya kwenye noti mtanishinda maana mimi nina miaka 11 kazini na vingine vimeshafutika. Sitawafundisha hayo. Nataka tuongee neno moja tu ambalo mtalisema mara mia kwa zamu bila hata kujua mmelisema.

Nakuja.

Sisi mtu akiondoka ndo anasema nakuja. Anakupa mgongo kabisa anaelekea mlangoni, nakuja. Mtaani haina shida, wote tunaelewana kwamba huyo kaenda zake. Ila mgonjwa yuko kitandani hana pa kwenda, simu imeisha chaji, kazi yake ni kuangalia mlango, na wewe umeshamwambia unakuja, basi yeye anakusubiri kweli.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa wodi ya wanaume, zamu ya usiku, manesi wawili na wagonjwa arobaini na kitu, wengine wako chini kwenye magodoro. Kulikuwa na mzee kavunjika paja, mguu umevutwa kwa uzito, hawezi kushuka kitandani hata kidogo. Kama saa nane usiku akaniita taratibu, sista naomba ile chupa. Chupa ya mkojo yani. Nikamwambia nakuja baba. Na nilikuwa naenda kuifuata kweli, sikuwa nimemdharau, ila nafika mlangoni analetwa kijana wa bodaboda anavuja damu, basi hapo ni dripu, ni kukimbilia maabara, ni kumtafuta daktari, nikaja kushtuka saa kumi na mbili asubuhi ndugu wanaingia na machupa ya uji. Aliyemletea uji yule mzee alikuwa mke wa mwanae. Mkwe! Shuka limelowa lote, mzee kajifunika uso kwa mkono.

Nikafika pale nimeshaandaa na utetezi wangu, eti tulikuwa bize sana usiku. Hata sijaanza kuongea mzee akaniambia samahani mwanangu nimekuchafulia shuka.

Mimi ndo niliombwa msamaha. Mpaka leo nikikumbuka mwili unasisimka.

Na yule mkwe, sikilizeni hii, alivyoona hali ile akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, aah nimesahau kijiko, akageuka akatoka nje. Kijiko nilikiona kwenye kikapu chake kwa macho yangu. Alikaa huko nje mpaka nikamaliza kumsafisha mzee na kubadilisha shuka, ndo akarudi anasalimia upya shikamoo baba umeamkaje, kama ndo anafika. Mwanamke hajasomea unesi hata siku moja na alimstiri yule mzee vizuri kuliko mimi mwenye yunifomu. Chuoni mtakuwa mlifundishwa faragha, mimi naomba mlitumie lile neno la nyumbani, stara, maana faragha unaweza kuiandika kwenye faili na usiifanye, stara mama yako atakuuliza.

Kwa hiyo skrini, lile pazia la tairi la kuzungushia kitanda. Wodi nyingi mtakuta skrini ziko mbili na moja tairi limekufa, inaburuzwa kama jembe la ng'ombe. Iburuze hivyohivyo. Ikikosekana kabisa muombe ndugu ashike kanga pembeni wakati unamweka mtu beseni au unamvalisha, inachukua sekunde, na usimfunue mwili mzima wakati unachotaka ni kidonda cha kwenye nyonga. Halafu mwambie kabla hujamgusa. Mama naomba nikugeuze kidogo, utasikia baridi hii ni spiriti, sindano inauma sasa hivi lakini ni mara moja. Tunageuza wagonjwa wasiojiweza kila masaa 2 ili wasipate vidonda vya mgongo, sawa, ila kuna namna ya kumgeuza mtu kama gunia na kuna namna ya kumgeuza kama baba yako, na muda ni uleule nimeshapima.

Majina pia. Yule wa kisukari, yule kitanda tisa... acheni. Mzee mpe shikamoo yake hata kama ameletwa amelewa. Na kama uko mkoa ambao wazee wengi Kiswahili hawakisikii vizuri jifunze salamu yao, usukumani mwangaluka, Dodoma mbukwenyi, Iringa kamwene, ukiikosea watakucheka na hapohapo mtakuwa mmezoeana.

Sasa msinielewe vibaya mkadhani huruma ni sauti laini tu. Mtu mwenye maumivu hataki kubembelezwa, anataka dawa. Hapa naomba mnisikie vizuri, hasa mtakaokutana na wagonjwa wa saratani. Mofini ya maji tunayo, wenzetu waliotokea Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar, hawaiogopi, ila huku kwingine bado utakuta nesi anaificha eti mgonjwa atakuwa teja. Mtu anayepewa mofini kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo, unaanza na kidogo unapanda taratibu huku unaangalia anavyopumua, huyo sio teja. Inatolewa kila masaa 4, usisubiri mpaka alie ndo ukatafute ufunguo wa kabati, na ile ya kulala kwa kawaida daktari anaiandika mara mbili ya dozi ya mchana ili usimwamshe katikati ya usiku. Na iende pamoja na dawa ya kulainisha choo, hii inasahaulika kila siku, mnamtoa mtu maumivu ya saratani mnamwachia tumbo limefunga siku tano.

Ila kuna usiku dawa umetoa, muda sahihi, dozi sahihi, na bado anaguna. Kulikuwa na mama wa Uingereza anaitwa Cicely Saunders, alianza kama nesi mwenzetu akaja kuwa daktari, mwaka 1967 akafungua hospisi ya St Christopher's kule London, yani sehemu ya kutunza wagonjwa wasiotegemewa kupona, alikuwa anafundisha kwamba maumivu hayako mwilini peke yake, yako na kwenye mawazo, kwenye familia, kwenye mambo ya Mungu. Nilisoma hiyo nikaiacha kwenye daftari mpaka nilipopata mama mmoja wa saratani ya shingo ya kizazi. Kila nikipita anaguna. Siku hiyo wodi ilikuwa imetulia nikavuta kiti nikakaa, sikuuliza la maana, nikamuuliza tu nyumbani umemuacha nani. Akaanza hapo. Ng'ombe wawili wameshauzwa, binti yuko darasa la saba amebaki na jirani, na bili ya hapa hajui inasoma ngapi na anaogopa kuuliza. Asubuhi nikaenda kwa dada wa ustawi wa jamii, akaja kukaa nae, wakaanza taratibu za msamaha, na simu tukamwazima akaongea na binti. Mofini haikuongezwa hata tone. Usiku ule alilala.

Sisemi kila anayeguna anawaza bili jamani, wengine dozi ni ndogo, mpigie daktari. Nasema uliza.

Na msiwaambie utapona tu wakati mnajua. Wanajua kwamba mnajua. Akikuuliza sista mimi nitapona, usikimbilie jibu, muulize wewe unajionaje, daktari alikuambiaje, halafu nyamaza. Kile kimya ni kigumu mno mwanzoni, utatamani hata kurekebisha dripu ambayo haina shida. Kaa hivyohivyo. Kama kuna la kumwambia kuhusu ugonjwa mfikishie daktari mrudi wote wawili, usimwachie mgonjwa karatasi ajisomee.

Anayekata roho usimwachie ndugu peke yao eti hakuna tena cha kufanya. Kipo. Lowanisha midomo kwa chachi yenye maji, mweke ubavu, futa jasho, endelea kumwita kwa jina lake na waambie ndugu waongee nae maana huwezi kujua anasikia kiasi gani. Waulize dini mapema kidogo kabla hali haijawa mbaya kabisa, kama ni Waislamu wengine watataka aelekezwe kibla na asomewe, kama ni Wakristo labda wanataka padri au mchungaji, na ukiuliza baada ya watu wa mochwari kufika na kitoroli umechelewa. Na jamani, kule kwenye meza ya manesi tupunguze kucheka kwa sauti muda huo. Hakuna anayewazuia kucheka, mimi mwenyewe nisingefika miaka 11 bila kucheka, ila ukuta wa wodi hauzuii kitu.

Mtakaopangiwa leba sina mengi, yale maneno wanayoambiwa akina mama wakilia kwa uchungu mnayajua, mmeyasikia mkiwa fildi, msiyarithi.

Mtachoka. Kuna siku utaenda kulia kwenye chumba cha kuoshea mabeseni, wote tumelia mle. Nawa uso, kunywa maji, mwambie mwenzako unakwenda kula dakika kumi, ule kweli. Nesi mwenye njaa ana mdomo mbaya, nawaambia kwa uzoefu wangu.

Turudi kwenye nakuja. Baada ya yule mzee nilianza kitu ambacho wenzangu walikuwa wananicheka. Nikiingia zamu nakata kipande kirefu cha plasta nabandika kwenye yunifomu, hapa juu ya paja, kalamu mfukoni. Kila nikisema nakuja naandika. K7 chupa, yani kitanda cha saba. K12 maji ya dawa. K3 anataka kuongea na mwanae. Nikirudi nakata mstari. Na nikiona siwezi kurudi sisemi tena nakuja, nasema baba nina mgonjwa anavuja damu, nipe nusu saa, ukizidiwa mwambie huyu kijana wa jirani aniite kwa sauti, na chupa namwekea karibu kabisa na mkono kabla sijatoka. Huwezi amini wanavyoelewa ukiwaambia ukweli.

Jana nimetoka zamu ya usiku plasta ina mistari kumi na moja. Kumi nimekata. Wa kumi na moja ni babu wa K9 alitaka kunyolewa ndevu kabla mjukuu wake hajafika, sikuwahi. Wakati wa kukabidhiana zamu nilipomaliza habari za presha na dripu nikamwambia dada wa asubuhi kuna babu K9 anadai kunyolewa, akacheka, afu nikamuona anakata plasta.