Daktari aliyeuliza habari za nyumbani

Mmeuliza wiki hii: "Ulijuaje kwamba daktari wa mnyama wako anafaa?" Kwa paka mwenye shida ya mkojo, jibu langu ni hili: anafaa yule anayepapasa kibofu kwanza, kisha akauliza paka anaishije nyumbani, na dawa zikaja baadaye.

Shaba wangu ni dume aliyehasiwa. Alianza kuingia kwenye sanduku la mchanga kila mara, akichutama muda mrefu na kutoa matone yenye damu, halafu anajilamba bila kukoma. Baadaye akawa anakojoa bafuni na juu ya nguo. Daktari tuliyeanza naye alimchoma sindano ya antibayotiki, akatupa na vidonge. Siku chache tu akapona, tukaisifu dawa. Ugonjwa ukarudi. Sindano nyingine, nafuu nyingine, ukarudi tena. Muda wote huo mkojo wake haukupimwa hata mara moja.

Daktari wa pili alianza kwa kumshika tumbo taratibu, na alitueleza sababu. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba sana. Ukizibwa na ute, fuwele au kijiwe, mkojo unajaa, figo zinashindwa kazi, potasiamu inapanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Paka wa namna hiyo anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Naomba kila mwenye paka dume alishike hili: akiwa anajikamua na hakuna kinachotoka, au analia na kutapika, mpeleke saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Wengi hudhani amefunga choo, wakasubiri.

Kibofu cha Shaba kilikuwa kidogo na laini, kwa hiyo mrija haukuwa umeziba. Daktari akavuta mkojo kwa sindano moja kwa moja kutoka kibofuni ili usichanganyike na uchafu wa nje, akaupeleka maabara, akampiga na ultrasaundi. Hakukuwa na bakteria wala vijiwe. Alisema kwa paka ambao hawajazeeka, bakteria si chanzo cha kawaida cha dalili hizi. Mara nyingi kibofu huvimba bila chanzo kuonekana, na msongo ndio huchochea. Tena shambulio kama hilo kwa kawaida hutulia lenyewe ndani ya wiki moja hivi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini zile sindano zilionekana kufanya kazi.

Kisha yakaja maswali. Kuna paka wangapi nyumbani? Wanakula wapi? Masanduku ya mchanga ni mangapi, na yako wapi? Nani amehamia, nani ameondoka? Tulikuwa tumemchukua paka wa pili, na kwa kuwa hawakuwahi kupigana tuliamini wanapatana. Daktari akauliza huyo mgeni hupenda kukaa wapi. Kwenye korido, tukamjibu, njia pekee ya kwendea sanduku. Paka hahitaji kupiga ili kumzuia mwenzake. Kukaa njiani na kumkazia macho kunatosha.

Haya si mawazo ya daktari mmoja. Tony Buffington, daktari wa mifugo na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State huko Marekani, alitumia miaka mingi kuwachunguza paka wa aina hii, akaonyesha kwamba mfumo wao wa kukabili msongo hauendi sawa, na kwamba kuyarekebisha mazingira yao ni sehemu kubwa ya tiba.

Kwetu ilimaanisha sanduku moja kwa kila paka na la ziada, yote mbalimbali, vyakula vitenganishwe, mahali pa juu pa kupanda na pa kujificha, chakula chenye majimaji badala ya kikavu peke yake, na mchezo kwa saa zilezile kila siku, maana paka hupenda siku zifanane. Dawa ya maumivu alipewa pia, kwa sababu kibofu kilichovimba kinauma kweli. Msijaribu parasetamoli ya watu: inaua paka.

Shaba bado hushikwa mara mojamoja, hasa tukipata wageni wengi, ila si kama zamani. Daktari hakutuahidi kwamba ugonjwa utaisha kabisa, na hilo pia lilinifanya nimwamini.

Rafiki zangu wakiniomba nielekeze kliniki, nawaambia wapige simu kabla ya kuumwa kwa paka. Waulize kama paka hutengwa na mbwa sehemu ya kusubiri, na kama anaweza kupimwa akiwa ndani ya kikapu chake kilichoondolewa kifuniko. Waulize nani hupokea wagonjwa usiku. Na waseme, "Paka wangu dume anachutama kila mara, nifanyeje?" Anayejibu "mlete, atapigwa sindano" bila kuuliza kwanza kama mkojo unatoka, watafute mwingine.