Masharubu ya Dupond si Masharubu ya Dupont

Tovuti ninayoiendesha inajibu swali moja tu: katika kila picha ya vitabu vya Tintin, yule mwandishi wa habari kijana wa vibonzo vya Ubelgiji, ambamo wale wapelelezi wawili wenye suti nyeusi wametokea, yupi ni Dupond na yupi ni Dupont? Basi. Humo huwezi kukuta maisha ya mchoraji wala habari za filamu, na matusi ya Kapteni Haddock, rafiki wa Tintin, yatafute kwingine. Wapo wanaoniuliza kwa nini nisipanue mambo, na wapo wanaoniuliza kama nina kazi nyingine. Ninayo. Lakini wanaotaka kuanzisha kitu cha namna hii, kila mmoja na kidude chake alichokipenda kwenye vibonzo, wamekuwa wakiniuliza maswali yaleyale, kwa hiyo nayajibu hapa kwa mpigo.

Kwanza kwa asiyewajua. Dupond na Dupont, ambao waliosoma kwa Kiingereza wanawafahamu kama Thompson na Thomson, wamefanana sura, kofia, fimbo na upumbavu. Hata hivyo si ndugu. Majina yao yamepishana herufi moja. Kinachowatenganisha ni masharubu. Ya Dupond yameshuka wima na chini yamekatika sawasawa. Ya Dupont yametanuka pembeni na ncha zake zimechongoka kuelekea nje. Ukishaonyeshwa hilo mara moja, umekwisha: hutasoma tena kitabu bila kuchungulia juu ya midomo ya watu.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuchagua jambo linaloweza kuamuliwa kwa macho. Nani shujaa mkali kuliko wote ni ubishi wa kijiweni, hauishi na hauhitaji tovuti. Lakini kama masharubu haya yamenyooka au yamechongoka, msomaji wa Lubumbashi na wa Brussels wakifungua ukurasa uleule wataona kitu kilekile, na mmoja wetu itabidi akubali. Pili, jambo lenyewe liwe na mwisho. Hergé, mchoraji wa Tintin, alifariki mwaka 1983, na alikuwa amesema hataki mtu mwingine aendeleze Tintin. Vitabu ni 24, cha mwisho kikiwa michoro isiyokamilika iliyochapishwa 1986. Maana yake ninajua mpaka wa shamba langu. Anayetaka kufuatilia kila mshono wa vazi la Spider-Man, ambaye amekuwa akichorwa tangu 1962 na bado anachorwa, namtakia afya njema.

Sasa tufike penye kazi yenyewe, nayo ni matoleo. Hapa ndipo wengi wanaponiona mkorofi. Mtu ananiandikia: “Ukurasa wa 6, wa kushoto ni Dupont.” Namuuliza: ukurasa wa 6 wa toleo gani? Ananuna.

Sikiliza kisa cha swali linaloonekana jepesi: hawa wawili walitokea lini kwa mara ya kwanza? Ukimuuliza aliyesoma hadithi zikitoka gazetini, Le Petit Vingtième, atakwambia ni kwenye hadithi ya sigara za Farao iliyoanza kutoka Desemba 1932. Ni kweli, ila hapo hawakuwa na majina. Waliitwa X33 na X33 bis. Majina waliyapata baadaye, kwenye hadithi ya fimbo ya mfalme Ottokar, mwishoni mwa miaka ya 1930. Kisha mwaka 1946 Hergé akaichora upya ile hadithi ya Kongo aliyoitoa mwaka 1930 na 1931, akaipunguza na kuitia rangi, na katika picha ya kwanza kabisa, pale stesheni Tintin anapoondoka, akawachomeka Dupond na Dupont wakimtazama. Mwenye toleo la rangi atakuapia kwamba walikuwepo tangu Kongo. Mwenye toleo la zamani atamwona mwongo. Wote wawili wana kitabu mkononi na wote wanasema kweli. Usipokuwa na safu ya “mwaka wa toleo” kwenye jedwali lako, utaishia kuwa mwamuzi wa ugomvi usiokuwepo.

Kitabu cha kisiwa cheusi ndicho kibaya kuliko vyote, na hawa wawili wamejaa humo wakimfukuza Tintin kutaka kumtia pingu. Kipo cha 1938 kisicho na rangi, kipo cha 1943 chenye rangi, na kipo cha 1966 kilichochorwa upya karibu chote, kwa sababu mchapishaji wa Uingereza aliorodhesha makosa 131 kuhusu nchi yao, na Hergé akamtuma msaidizi wake Bob de Moor akavuke bahari kutazama treni, sare za polisi na majengo. Kwa kazi ya masharubu, hivyo ni vitabu vitatu. Hata namba za kurasa hazilingani: vile visivyo na rangi vilipita kurasa mia, na vya rangi vilibanwa kwenye 62. Mimi huandika hivi: kitabu, mwaka wa toleo, ukurasa, mstari wa picha kutoka juu, kisha picha ya ngapi kutoka kushoto. Inachosha. Lakini mtu yeyote mwenye kitabu hicho anaifikia picha bila kuniuliza.

Na kwa kuwa nimetaja Kongo: ukiendesha tovuti ya Tintin kwa Kiswahili, swali la kitabu kile litakufikia, na ni haki lifike. Wakongomani wamechorwa humo kama watoto wasiojua kitu, na toleo la kwanza lilikuwa na Tintin akiwafundisha darasani kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946 somo hilo likageuzwa kuwa hesabu ya kujumlisha. Midomo na macho ya watu vikabaki vilevile. Mkongomani Bienvenu Mbutu Mondondo alilipeleka suala hilo mahakamani Brussels mwaka 2007, na mwaka 2012 madai yake yakakataliwa. Mimi kitabu hicho nimekiingiza kwenye jedwali kwa sababu Dupond na Dupont wamo, na nimekiwekea maelezo marefu kuliko kitabu kingine chochote. Kuna mashabiki waliotaka niyaondoe maelezo, “tuzungumzie masharubu tu”. Nimekataa. Kupenda michoro ya mtu hakunilazimishi kumfichia hilo, na msomaji wa Kisangani hahitaji shabiki wa kumwambia kwamba zamani ndivyo ilivyokuwa.

Jambo jingine: ruhusu jedwali lako liwe na nafasi tupu. Wakiwa wamegeuka mgongo, naandika “haionekani”. Kuna sehemu nzima ya hadithi ya dhahabu nyeusi ambapo wamemeza vidonge vilivyokuwa jangwani wakidhani ni aspirini, nywele na ndevu zikawaota kwa kasi na kubadilika rangi. Kisha maradhi yaleyale yakawarudia ndani ya roketi ya kwenda mwezini. Masharubu yamezama kwenye msitu wa ndevu. Wasomaji wengine huniambia nikadirie kwa kuangalia nani alizungumza kwanza, maana mmoja husema na mwenzake hudakia “ningesema hata zaidi”. Kukadiria ni burudani nzuri, ila ukichanganya makadirio na kilichoonekana, jedwali zima limeoza. Makadirio nimeyatengea ukurasa wake, na ndio unaosomwa zaidi, ole wangu.

Picha usiweke. Najua tovuti ya vibonzo isiyo na picha ni kama pilau bila nyama, lakini haki za Hergé zinalindwa kwa ukali. Kwa sheria ya Ubelgiji haki hizo zinaendelea hadi mwisho wa 2053, miaka 70 baada ya kifo chake. Wengine wanatajataja kwamba Marekani Tintin wa 1929 aliingia mikononi mwa umma Januari 2025. Ndiyo, yule wa 1929, na huko Marekani. Wengine wanataja kesi ya Uholanzi ya 2015, ambapo chama cha mashabiki kilishinda kampuni ya Moulinsart, iliyokuwa ikisimamia haki za Hergé, baada ya kutolewa hati ya 1942 iliyoonyesha kwamba haki za kuchapisha vitabu zilikuwa kwa mchapishaji wake, Casterman. Lakini hiyo inakwambia tu kwamba mwenye mali ni mwingine, haikwambii mali haina mwenyewe. Mimi nilichora masharubu mawili kwa mkono wangu, meusi, bila sura wala kofia, na hayo ndiyo mapambo ya tovuti nzima.

Kukosa picha kuna faida yake: kurasa ni nyepesi. Wasomaji wangu wengi wanatumia simu na bando la siku, na sioni kwa nini mtu amalize bando lake kwa ajili ya Dupont. Jedwali lote ni faili moja la maandishi ambalo mtu anaweza kulipakua akaondoka nalo. Fanyeni hivyo tafadhali. GeoCities, ambako watu walijitengenezea tovuti bure, ilipofungwa mwaka 2009, kazi za mashabiki wengi zilipotea siku hiyohiyo, nyingine zikaokolewa na watu wa Internet Archive, maktaba ya kuhifadhi tovuti, waliowahi kuzinakili. Nakala yako iwe kwako, nyingine kwa rafiki, na tovuti iwe kibanda cha kuonyeshea tu.

Pesa? Hakuna. Lipa jina la tovuti kwa mwaka mzima kabla halijaisha na usitegemee matangazo.

Kama una kitabu cha kisiwa cheusi cha Kifaransa cha 1943, hasa kile cha babu kilichobaki kabatini Bujumbura au Bukavu, niandikie mwaka uliochapwa ndani, ukurasa, mstari na picha. Kurasa za mwanzo ndizo ninazozitaka zaidi. Usinitumie picha ya simu, niambie ulichokiona.