Mzimu wetu anachekwa, tufanyeje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni vijana wa Ujiji, tumetengeneza filamu fupi kwa simu. Wavuvi wa dagaa wanatokewa na mzimu pale mwalo wa Kibirizi. Tulitaka watu wacheke na pia waogope. Tulipoionyesha mtaani walicheka mwanzo mpaka mwisho, na mzimu alipotokea watoto wakaanza kumzomea. Wenzangu wanasema tuondoe vichekesho vyote. Mimi sitaki. Tumekosea wapi? Na tukitaka kuionyesha kwa kiingilio, kuna utaratibu gani?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeitazama filamu mliyonitumia, na nakuunga mkono: vichekesho vibaki. Kinachowaangusha ni kwamba mzimu wenu naye anachekesha. Anateleza kwenye matope, kisha anamwomba mvuvi sigara. Mtazamaji akishamwona mzimu anaomba sigara, hamuogopi tena, hata mkimpaka unga mwili mzima.

Nimeendesha kibanda cha video pale Mwanga kwa miaka mingi, nikikaa nyuma kabisa na mashine yangu, natazama visogo vya watu kuliko filamu. Anayeogopa tangu mwanzo hupandisha miguu juu ya benchi na kujifunika uso kwa shati. Huyo humpati tena. Anayecheka amelegea, hajajikinga na chochote. Huyo ndiye anayeruka mpaka anamwangukia jirani yake. Ndiyo maana nasema kicheko ni mali yenu, msikitupe.

Itafuteni filamu ya Kihindi ya Stree, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Amar Kaushik. Katika mji wa Chanderi, siku za sikukuu, mzimu wa mwanamke huwaita wanaume usiku kwa majina yao. Anayegeuka anachukuliwa, zinabaki nguo zake tu. Basi wenyeji wameandika ukutani: ewe mwanamke, njoo kesho. Mzimu anasoma, anaondoka, na kesho yake anakuta maneno yaleyale. Ukumbi unavunjika mbavu kwa wanaume wanaojigamba mchana na kujifungia usiku, lakini mzimu mwenyewe hafanyi mzaha hata kidogo. Na sisi tuliokatazwa utotoni kuitika tukiitwa gizani, hatukuhitaji kuelezwa kwa nini mtu asigeuke.

Ghostbusters ya Wamarekani, ya mwaka 1984, inafanya hivyo pia. Ndani ya maktaba ya New York, bibi mzimu anasoma kitabu chake kwa utulivu, wasomi watatu wananong'ona namna ya kumkamata, mpango wao ni wa kijinga na watu wanacheka. Ghafla anageuka uso wa kutisha, wote mbio.

Sasa turudi Kibirizi. Mnayo hazina ambayo hamjaigusa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa zinazowavuta samaki. Wawekeni wavuvi wawili ufukweni wakihesabu taa za wenzao ziwani. Mitumbwi iliyotoka ni sita. Mmoja anahesabu taa saba. Mwenzake anamcheka, anamuuliza hesabu alifundishwa na nani, anamtukania mwalimu wake wa darasa la pili. Wabishane kwa nguvu, kwa Kiswahili chetu cha Kigoma, na msiwaharakishe. Kisha yule mbishi ahesabu mwenyewe kwa kidole, taratibu, mpaka saba, na anyamaze. Wakihesabu tena, ziwe saba bado, ila moja imesogea karibu. Mzimu wenyewe msimwonyeshe mpaka mwisho kabisa, na akionekana asiseme neno.

Jambo jingine ni muziki. Mmeujaza kila mahali, hata pale mtu anapopaswa kusikia maji tu. Utoeni wote kwenye tukio la taa. Yule kijana anayeigiza mvuvi mnene ana kipaji kikubwa. Mpeni maneno mengi zaidi.

Kuhusu kiingilio: kabla ya kuionyesha hadharani, ipelekeni Bodi ya Filamu ikaguliwe na kupangiwa daraja la umri. Anzeni kwa ofisa utamaduni wa manispaa yenu, awaelekeze. Mkishapewa daraja, liandikeni kwenye tangazo mlangoni, na mwenye kibanda alisimamie, maana mliwaona wenyewe watoto walivyojaa mbele.