Kwa nini viti vimegandishwa sakafuni kwenye gemu za dunia wazi

Mleta mada umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini gemu kubwa za RPG za dunia wazi, yaani zile unazoigiza mhusika na kuzunguka utakako, zenye picha nzuri kiasi kwamba unaweza kuhesabu nyuzi za nguo ya mhusika, bado zina meza na viti visivyotikisika hata ukivipiga shoka. Pili, kama fizikia ya kweli, yaani vitu kuwa na uzito, kuanguka na kugongana, ingezifanya gemu hizo ziwe bora. Waliotangulia kuchangia wamesema watengenezaji ni wavivu, wengine wamesema kompyuta hazina nguvu ya kutosha.

Mimi nimecheza gemu za aina hii tangu enzi za Morrowind, nimetengeneza modi (nyongeza za wachezaji) za nyumba na vyumba kwenye Skyrim, na siku hizi najifurahisha na injini ya Godot, programu ya kutengenezea gemu, nikipata muda. Kwa nilivyoona, kukifanya kiti kisogee ni kazi ndogo sana. Mtihani ni kila kinachokitegemea kiti hicho kikae palepale.

Nieleze kwanza kidogo tulikotoka, maana kuna mdau hapo juu ameandika kana kwamba kusogeza vitu ni teknolojia ya juzi. Ultima VII ilitoka 1992, na ndani yake karibu kila kitu kilichokuwa mezani unaweza kukivuta kwa kipanya ukakiweka kwingine. Unachukua unga, unachanganya na maji, unapata donge, unaliweka kwenye tanuri, unatoka mkate. Masanduku unayapanga kama ngazi ukapanda nayo. Haikuwa na fizikia yoyote ya maana, lakini dunia yake ilikuwa na uhai kuliko gemu nyingi zilizokuja baadaye. Morrowind ya 2002 nayo ilikuruhusu uokote kijiko ukiweke unapotaka, na ukirudi unakikuta. Ila ukiokota kitabu cha chini kwenye rundo, vya juu vinabaki vinaelea bila habari.

Fizikia iliingia rasmi kwenye mfululizo wa The Elder Scrolls, wenye Morrowind na Skyrim, na Oblivion, 2006, kupitia Havok, programu ya kukokotoa fizikia. Hapo vikombe vikaanza kudondoka na kubingirika. Cha kuchekesha ni brashi za rangi: zilisahaulika, hazikupewa fizikia, kwa hiyo ukiidondosha inabaki ikining'inia hewani. Wachezaji wakawa wanazikusanya, wanazipanga moja juu ya nyingine, wanapanda hadi kwenye kuta na mapaa. Kitu kimoja kisichotii sheria kikawa na thamani kuliko upanga wa kichawi.

Sasa tuje kwenye kiti chenyewe. Kuna wakati niliunda ukumbi mdogo wa kulia chakula ndani ya Godot, nikaweka meza, viti na wahusika wachache wanaoingia, wanakaa, wanaondoka. Samani zikiwa zimegandishwa, kila kitu kilikwenda vizuri. Kisha nikazifungulia: kila kiti nikakipa uzito, msuguano na umbo la mgongano, nikaacha injini ifanye kazi yake. Nikasukuma kiti kimoja hatua mbili hivi. Mhusika wa kwanza akaingia, akaenda moja kwa moja mahali kiti kilipokuwa, akakaa hewani, akaanza kula. Wa pili alipigiwa hesabu ya njia inayopita pale ambapo sasa kuna kiti, akawa anatembea bila kusonga, goti likigonga kiti, kiti kikigonga meza, sahani zikitetemeka. Hakuna aliyeonekana kushangaa.

Hayo mawili ndiyo kiini cha tatizo. Wahusika hawaoni sakafu kama tunavyoiona sisi. Wanafuata ramani ya njia, yaani wavu wa maumbo uliotandazwa sakafuni kuonyesha panapopitika, na mara nyingi wavu huo huandaliwa kabla gemu haijatoka. Ukisogeza kabati, lazima wavu ukatwe upya hapohapo wakati gemu inaendelea. Inawezekana, injini nyingi zinaweza, lakini kwenye mji wenye nyumba kadhaa na watu wenye ratiba zao za kutwa, kila kabati lililosogezwa ni kesi mpya. Kukaa nako ni hivyohivyo. Mwendo wa mtu kuketi umechorwa kwa kiti cha kimo fulani, kikiwa wima, chenye nafasi mbele yake. Kikipinduka chali, nani atakiinua? Kama hakuna aliyefundishwa kukiinua, utakuwa na kijiji cha watu wanaoruka viti vilivyolala mpaka mwisho wa gemu.

Halafu kuna mwanga. Gemu nyingi hukokotoa vivuli vya ndani ya nyumba mapema na kuvipaka kwenye sakafu na kuta, kwa sababu ni rahisi kwa mashine na vinapendeza. Ondoa meza hapo, kivuli chake kinabaki.

Wanaosema tatizo ni nguvu za kompyuta hawajakosea kabisa, ila wanalaumu sehemu isiyo yake. Vitu vilivyotulia havina gharama kubwa, injini huvilaza na kuacha kuvikokotoa hadi vitakapoguswa. Gharama huja pale unaposukuma meza yenye vitu ishirini juu yake: vyote vinaamka kwa pamoja, na kila kimoja kinagusana na jirani zake. Injini inatatua migusano hiyo kwa makadirio, ikirudiarudia hesabu hadi ifike karibu na jibu, na kitu kizito kikiwa juu ya chepesi makadirio yanayumba na rundo linaanza kutetemeka. Ndiyo maana unaona masanduku yanacheza ngoma peke yake kwenye kona.

Mchezaji naye ni tatizo. Kwenye gemu nyingi mwili wako kwa injini ni kidonge kirefu kinachoendeshwa moja kwa moja na vitufe, kiko nje ya hesabu za fizikia. Ukikibana kiti kati yako na ukuta, unasukuma kwa nguvu isiyo na kikomo, na kiti hakina pa kwenda, hivyo kinachomoka kama risasi au kinapenya ukuta.

Hapa ndipo kisa cha nyuki wa Skyrim kinapokuja, na ni cha kweli. Mwaka 2021 Nate Purkeypile, mmoja wa waliotengeneza gemu hiyo, alisimulia kwamba ule mkokoteni unaombeba mchezaji mwanzoni mwa gemu, wakati wa utengenezaji, ulikuwa unatetemeka na pengine kurushwa angani, na walihangaika kutafuta sababu. Ikaja kujulikana kuwa ni nyuki. Kulikuwa na hitilafu iliyomfanya nyuki asiokoteke, wakairekebisha, na marekebisho yakampa mgongano na kila kitu huku yeye mwenyewe akiwa hasukumiki. Mkokoteni ukimgonga, mkokoteni ndio unaoondoka.

Watengenezaji wa Tears of the Kingdom, gemu ya Zelda ya Nintendo, walikutana na jambo lilelile kwa kiwango kikubwa zaidi, na walilieleza kwenye GDC, mkutano wa watengenezaji gemu, mwaka 2024. Mchezaji anaweza kuunganisha karibu chochote na chochote, na kila palipokuwa na mlango au gia inayosogea kwa mwendo uliochorwa, bila fizikia, kitu cha mchezaji kilichobanwa humo kilivunja dunia. Dawa yao ilikuwa kali: kila kinachosogea kiendeshwe na fizikia, malango yawe na uzito na vizingiti vyake, gia zisukumane kweli. Hakuna tena kitu kisichosukumika kama nyuki yule wa Skyrim. Lakini angalia gharama yake. Gemu nzima ilijengwa kuzunguka uamuzi huo, na ndiyo maana mafumbo yake hayajali umeyatatua kwa njia gani.

Kwa hiyo swali lako la pili, je, ingekuwa bora? Jibu langu huenda lisikufurahishe: fizikia ya kuangusha vikombe peke yake haiongezi chochote baada ya siku ya kwanza. Skyrim ilitupatia uma, sahani, magurudumu ya jibini na kabichi, vyote vinabingirika vizuri tu, na matumizi yake makubwa yakawa ya kihuni. Unamvalisha mwenye duka kapu kichwani, macho yake yanazibwa, unabeba duka zima mbele yake naye ametulia tuli. Nimelifanya hilo kwa furaha kubwa, sikatai. Lakini tazama linavyofichua pengo: injini inajua kabisa kwamba kapu limezuia macho, ila mwenye kapu hajui kwamba ana kapu. Fizikia ipo, itikio halipo.

Mimi ningebadilisha vijiko vyote vya gemu ile kwa kabati moja tu ambalo nikilisukuma mlangoni, walinzi walio nje wanajua mlango hausukumiki, mmoja anabaki akigonga na mwingine anazunguka dirishani. Kabati hilo halihitaji kubingirika. Linahitaji uzito unaolinganishwa na nguvu za mhusika wangu, sauti ya kuburuta inayosikika chumba cha pili, na dunia inayokumbuka kwamba limehamishwa. Kitendo cha makusudi kinachochukua muda, chenye faida na hasara, ninakithamini kuliko kugusa kiti kwa bahati mbaya kikaruka.

Studio ya Larian ndiyo imekaribia zaidi ninachokitaka, kuanzia Divinity: Original Sin hadi Baldur's Gate 3 ya 2023. Masanduku yana uzito, mwenye nguvu anabeba kile ambacho mchawi mwembamba hawezi, unayapanga ukapanda juu, unaweka mapipa ya vilipuzi pembeni mwa adui kabla ya mazungumzo kuanza. Kuna waliojenga mnara wa masanduku, wakapanda juu wakiwa wamejigeuza bundi-dubu, wakajirusha juu ya kichwa cha adui mkubwa na kummaliza kwa pigo hilo moja, kwa sababu pigo la kuanguka linategemea uzito na urefu. Hapo uzito ni kanuni ya mchezo, unaweza kuupangia mkakati. Kwamba sanduku linasogezwa kwa kuvutwa na kipanya na haliyumbi kama sanduku halisi, sijawahi kuliona kama upungufu.

Fallout 4 ya 2015 ilipita njia ya kati: samani unazihamisha, lakini ndani ya makazi yako tu na kwa hali maalumu ya ujenzi, tena kwa kikomo cha vitu. Wajanja waligundua kwamba ukidondosha silaha sakafuni kisha ukazihifadhi kwenye karakana, kipimo cha ukomo kinashuka, basi unaendelea kujenga. Ni suluhisho la kiofisi, halina mvuto, lakini linafanya kazi, na wanaojenga wamejenga mambo makubwa humo.

Prey ya 2017 si dunia wazi kwa maana kamili, ila naitaja kwa sababu imefanya kiti kiwe na maana bila ufundi mwingi. Kuinua vitu vizito ni ujuzi unaoununua kwa ngazi, na kuna milango iliyozibwa na mizigo inayokusubiri uwe na nguvu. Zaidi ya hapo, kuna viumbe wanaojigeuza kikombe au kiti. Ukiingia ofisini ukakuta viti viwili kwenye dawati la mtu mmoja, unainua silaha. Sijui gemu nyingine iliyonifanya nizitazame samani kwa makini namna ile.

Suala la kumbukumbu nimeligusa juu juu, niliongezee. Faili la gemu uliyohifadhi halihifadhi dunia nzima, huhifadhi tofauti kati ya dunia ilivyotoka kiwandani na ilivyo sasa. Kila kijiko ulichokipiga teke ni mstari mpya. Ndiyo sababu Skyrim hurudisha maeneo mengi kwenye hali ya awali baada ya saa 240 za ndani ya gemu, au 720 kama uliwamaliza maadui wa eneo lile, isipokuwa sehemu kama nyumba zako. Anayetaka kila kiti cha bara zima kikumbukwe milele, ajue pia anaomba faili zinazonenepa kila siku.

Mdau aliyelalamika kwamba akiingia chumbani kwenye Skyrim vitu vyote mezani vinarushwa: kioo chako karibu hakika kinazidi fremu (picha) 60 kwa sekunde, na fizikia ya gemu ile imefungwa kwenye kasi hiyo. Funga fremu zisizidi 60. Au kama ni toleo la Special Edition na unataka kasi zaidi, fungua faili la mipangilio, nenda sehemu ya HAVOK, weka fMaxTime iwe moja gawanya kwa kasi yako: 0.0166 kwa fremu 60, 0.0083 kwa 120. Kisha ujaribu kwenye chumba chenye karamu mezani kabla hujasevu juu ya faili lako la zamani.