Ukitaka kazi ya makumbusho, anza na daftari

Vijana wanaotaka kuwa wanaakiolojia huniuliza watachimba wapi. Mimi huwauliza kama wanajua kujaza daftari la mali, yaani orodha ya vitu vyote vya makumbusho. Nimefanya kazi kwenye stoo ya makumbusho huku pwani, na nimeshika vigae vizuri vya kaure ya Kichina vilivyolala mfukoni bila namba. Nani atakwambia vilitoka shimo gani, tabaka gani la udongo? Hakuna. Uzuri vinao, ila ushahidi umepotea.

Ndiyo maana nawashauri wasome habari za Christos Karouzos na mkewe Semni, wataalamu wa sanaa ya Ugiriki ya kale. Italia ilipoivamia Ugiriki Oktoba 1940, wafanyakazi wa Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia ya Athens, Semni akiwa miongoni mwao, walianza kuficha hazina. Walivunja sakafu za kumbi, wakachimba mashimo marefu, wakateremsha sanamu za marumaru kwa winchi za mbao, kisha wakazifukia kwa mchanga. Ipo picha inayozionyesha zimesimama shimoni kama watu waliopanga foleni. Dhahabu ya Mycenae, mji wa kale wa Ugiriki, ilipelekwa Benki ya Ugiriki. Wajerumani walipoingia Athens Aprili 1941, walikuta kumbi tupu.

Christos alikabidhiwa ukurugenzi mwaka 1942, njaa ikiua watu mjini, akaushika hadi 1964. Fikiria kuongoza makumbusho ambayo mali yake iko chini ya miguu yako! Vita vilipokwisha, wakafukua na kupanga upya kumbi moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, maana kitu kisicho na kumbukumbu hakirudi mahali pake. Semni yeye alijikita kwenye vyombo vya udongo, akivieleza kimoja kimoja kwa maandishi, kazi ya subira ambayo wageni wa makumbusho hawaioni kabisa.

Kwa hiyo jifunze kuandika namba. Safisha sehemu ndogo upande wa ndani wa kigae, pasipo na nakshi. Paka vanishi angavu inayoweza kutolewa baadaye, iache ikauke, andika kwa wino mweusi na kalamu nyembamba, kisha paka tena juu. Namba hiyohiyo iingie daftarini siku hiyohiyo, pamoja na shimo, tabaka na tarehe. Nakala ya daftari ikae jengo jingine.

Ukienda kuomba mafunzo ya vitendo, omba upangiwe stoo, ukae na mtunza daftari. Nafasi hiyo haigombaniwi, utaipata.