Maswali na Majibu: Manowari Haiendi kwa Mizinga

Wiki hii tena barua nyingi ni za Königsberg, manowari ya Kijerumani ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na ukubwa wa mizinga yake. Nimechagua chache.

Mzee, Königsberg ilikuwa na mizinga kumi. Mbona ikajificha Rufiji badala ya kupigana? (Msomaji, Temeke)

Ilipigana. Agosti 6, 1914 iliikamata City of Winchester upande wa Oman, na Septemba 20 ikaivamia manowari ya Kiingereza HMS Pegasus bandarini Unguja ikiwa matengenezoni, ikaizamisha. Kilichoitesa ni makaa ya mawe. Waingereza waliwahi kuyanunua makaa kwenye bandari za Wareno ili Kapteni Looff, nahodha wa Königsberg, asiyapate. Hapa Dar es Salaam nako Wajerumani wenyewe walikuwa wamezamisha doki inayoelea mlangoni mwa bandari, hivyo manowari yao ikakosa pa kurudi. Mtambo ulipoharibika, vipuri vilivutwa nchi kavu kutoka Rufiji hadi karakana za mjini hapa, vikatengenezwa, vikarudishwa. Waliovivuta ni Waafrika, na sijawahi kupata barua hata moja inayowauliza hao. Julai 11, 1915 Severn na Mersey, meli za Kiingereza zinazoweza kupita maji mafupi, ziliimaliza zikielekezwa na ndege. Mizinga iling'olewa ikaenda kupigana bara.

Shikamoo mzee. Ni kweli kuna dhahabu ya Mjerumani kwenye mabaki yake?

Marahaba. Hakuna. Na anayekuuzia ramani, mwambie aende akachimbe mwenyewe.

Meli zikienda kwa msafara, si ndiyo zinaonekana kirahisi na nyambizi? (Msomaji, Kinondoni)

Hata wakubwa wa jeshi la majini la Uingereza walifikiri hivyo, mpaka Aprili 1917 nyambizi za Kijerumani zilipozamisha zaidi ya tani 800,000 kwa mwezi mmoja. Bahari ni pana mno. Meli arobaini zikiwa pamoja zinachukua eneo dogo tu, na nyambizi ikilikosa eneo hilo inaweza kukaa siku nyingi bila kuona hata moshi. Ikilipata, inakutana na walinzi. Ubaya wake ni kwamba wote mnakwenda kwa mwendo wa meli goigoi kuliko zote. Anayedhani kutawanyika ni salama aisome habari ya msafara wa PQ 17: Julai 4, 1942 London iliamuru meli zitawanyike njiani kwenda Urusi, na zaidi ya 20 zikazama.

Vita vya Pili vilikuwa vya Ulaya, huku kwetu havikufika baharini, sivyo?

Sivyo, na swali hili linaniudhi. Juni na Julai 1942 nyambizi za Kijapani zilizamisha zaidi ya meli 20 katika Mlango wa Msumbiji. Meli za vita za Waingereza zilizokimbia Ceylon (Sri Lanka ya leo) zilikuja kujipanga Kilindini, Mombasa. Kutoka hapo hapo, Februari 1944, msafara KR 8 uliondoka na meli tano za abiria wa kijeshi kwenda Colombo. Karibu na Maldivi walinzi walikuwa manowari Hawkins, Paladin na Petard. Watatu kwa maelfu ya watu. Mimi naita huo ubahili. Februari 12 nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail, moja ya hizo meli tano, kwa torpedo, ikazama kwa muda usiozidi dakika tatu hivi. Walikufa karibu 1,300, wakiwemo wauguzi wa kike na mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Nyambizi ikajificha chini ya walionusurika, na Petard na Paladin zikaamua kudondosha mabomu ya kina, yanayolipuka chini ya maji, hapo hapo watu wakiwa wanaogelea. I-27 ilizamishwa. Watu wetu wanazijua meli za Atlantiki kwa majina, hii hawaijui.

Sanamu ya Askari pale Samora ni ya vita vipi?

Vya Kwanza. Ilisimamishwa 1927.

Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ilizamishwa na Waingereza?

Hapana! Wajerumani wenyewe, Julai 1916, ilipokuwa ikiitwa Graf von Götzen. Waliipaka mitambo grisi kabla ya kuizamisha, ndiyo maana Waingereza walipoiinua 1924 waliweza kuirudisha kazini 1927. Anayetaka kujua kama leo inatembea aulize bandarini Kigoma, asiniulize mimi niliye Dar.