Kisoma kadi kichomeke kwenye kompyuta uliyo nayo mkononi

Kaka, kukiacha kisoma kadi (kifaa cha kusomea kadi janja, yaani smart card, ya kuthibitisha wewe ni nani) kwenye mashine ya ofisi Kisumu na wewe uko nyumbani Kondele hakutakusaidia. Ukishaingia kwa Remote Desktop ya Windows, yaani programu ya kuitumia kompyuta ya ofisi ukiwa mbali, maombi yote ya kadi hurudishwa kwenye kompyuta uliyoketi mbele yake, kwa hiyo kisoma kilichochomekwa kule hakionekani kabisa ndani ya kikao. Si kwamba kimeharibika, ndivyo ilivyoundwa.

Beba kisoma na kadi, uchomeke kwenye laptopu yako. Kabla ya kuunganisha, kwenye dirisha la Remote Desktop bonyeza Show Options, nenda Local Resources, kisha More, uhakikishe kisanduku cha Smart cards kina tiki. Kama unatumia Linux na FreeRDP (programu huria ya kazi hiyohiyo), ongeza /smartcard kwenye amri.

Mimi hapa Nakuru nilipoteza asubuhi nzima na jambo hilihili. Nilibadilisha waya, nikasakinisha draiva upya mara mbili, kumbe taa ya kisoma ilikuwa inamwekamweka kwenye meza isiyo yangu!

Ila angalia: draiva ya kadi yenyewe huenda ikahitajika pia kwenye mashine ya ofisi. Na kama ofisini wamewasha NLA (uthibitisho wa mtumiaji kabla kikao hakijafunguka), laptopu yako lazima iweze kuifikia seva ya domeni, yaani ile inayothibitisha watumiaji wa ofisi, kwa kawaida kupitia VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi kwa intaneti), la sivyo utakataliwa hata kama PIN ni sahihi. Usiibahatishe PIN hiyo, kadi nyingi hujifunga baada ya makosa machache.